Umeniuliza kama ile ilikuwa kazi ya Mungu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Unasema tangu mlipomzika mtoto, kila anayekuja kuwapa pole anawaambia "kazi ya Mungu haina makosa", na madaktari nao hawajaona sababu ya kifo chake. Unaniuliza: "Mama, ile ilikuwa kazi ya Mungu? Kama ndiyo, nimtumaini vipi?"

Kwa nini mtoto alikufa, sijui. Atakayekuambia anajua, mkaribishe kiti, mshukuru kwa kuja, ila usimsadiki.

Wanaopenda kumtaja Ayubu msibani huishia sura ya kwanza: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Ni maneno mazito, na aliyefiwa akiyatamka mwenyewe mimi hunyamaza. Lakini kitabu kina sura 42. Kufika ya tatu, Ayubu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo anamdai Mungu majibu waziwazi. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu, tena kwa hoja zilizopangika: lazima pana dhambi mahali. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Na sababu ya mateso yake, Ayubu hakuambiwa kamwe. Basi ukijikuta unamfokea Mungu katika maombi, usidhani umeacha imani. Unayemfokea bado unazungumza naye.

Sasa swali lenyewe. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anaiita mauti adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Hapo ndipo nilipojishikiza mimi. Adui wa Mungu hatulazimiki kumsifu ili tuonekane tuna imani. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia kabla ya kufika kaburini. Msalabani aliuliza, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" na saa ile hakujibiwa neno. Siku ya tatu alifufuka, na mikononi alikuwa na alama za misumari. Huyo namtumaini, kwa kuwa mauti ilimpata kama inavyotupata sisi, ikashindwa kumshika.

Naamini mtoto wenu atafufuliwa. Sikuambii hivyo ili uache kulia. Hata Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alitaka tu wasihuzunike kama watu wasio na matumaini.

Jumapili ukishindwa kuimba, keti, wenzako wataimba. Na mkamwana wangu akitaka kumtaja mtoto kwa jina, mtajeni. Wanaolikwepa jina lake wanadhani wanawasaidia.

Nakuja wiki ijayo, nikae nanyi. Mkisikia nimeanza kuhubiri, nikatizeni.

Mama yako