Re: Nakimbia kila asubuhi, inatosha kupanda mlima mrefu?

Habari ndugu. Umeuliza kama kukimbia kila asubuhi kunatosha kukuandaa kwa safari ya siku sita na mwongozaji, hadi mita 5,000 na ushei. Mazoezi endelea nayo, miguu itakushukuru, ila hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, yaani kuugua kwa sababu hewa ya huko juu ni nyepesi. Nimeona wakimbiaji hodari wakitapika huku wenye mwendo wa kinyonga wakiwapita.

Kabla hujalipa, dai ratiba uangalie kwanza mita za kulala, yaani kila kambi iko kwenye mwinuko gani. Ukishavuka mita 3,000, kambi ya leo isiizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Siku sita zisipotosha, omba waongeze. Hapo usione haya kung'ang'ania.

Viatu anza kuvivaa sasa, tena uteremke navyo kilima ukiwa na mkoba mgongoni. Vidole vikigonga mbele, kiatu hakikufai. Habari ya asetazolamaidi, dawa ya kusaidia kuzuia ugonjwa huo wa mwinuko, muulize daktari, hasa kama una mzio wa dawa.

Kichwa kikiuma huko juu, mwambie mwongozaji saa ileile, usijikaze. Maumivu yakizidi au ukianza kuyumba, shukeni, hata kama ni usiku.