Kebo Ikikatika Baharini, Mtaa Usinyamaze

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye chumba cha chini tunachosomeshea twisheni, vijana kumi na wawili wameinamia simu na laptopu. Siku hiyo kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inajikokota. Barazani watu walikuwa wakizima simu na kuziwasha tena. Kule ndani hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wakisoma Wikipedia ya Kiswahili, wakifungua karatasi za mitihani iliyopita na kutumiana majibu. Bi mkubwa mmoja jirani, ambaye dari yake tunaitumia, akachungulia mlangoni: "Mwanangu, mtandao si umepotea? Hawa wasoma nini?"

Nikamwambia, "Bi, iliyopotea ni intaneti. Mtandao wetu upo papa hapa."

Nimeulizwa swali lile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Ukimtumia picha mtu anayekaa ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi kutoka mlangoni pako, picha ile hupanda kwenye mnara, husafiri hadi kwenye seva ya wenye programu, mara nyingi nje ya nchi, kisha hurudi Mombasa. Bando lako laliwa, na lake laliwa. Safari yote hiyo kwa hatua kumi! Mtandao wa ad hoki usiotumia waya huikata safari hiyo: vifaa huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, bila mnara na bila rauta ya katikati inayoviamrisha. Na vikiwekewa programu ya kutafuta njia, kila kifaa hupokea ujumbe wa mwenzake na kuupitisha mbele. Aliyewahi kuwaona hamali wa Bandari ya Kale wakipakua jahazi anaujua mpango huu. Wamepanga mstari, gunia latoka mkono hadi mkono mpaka ghalani. Mmoja akienda kunywa maji, waliobaki husogeleana na gunia haligusi chini.

Hapo ndipo penye tofauti na hotspoti. Mwenye hotspoti akiondoka na simu yake, wote mliounganishwa kwake mnakatika pamoja. Kwenye ad hoki hakuna mkubwa.

Wazo lenyewe si jipya. Jeshi la Marekani lilianza kujaribu redio za namna hii miaka ya 1970, kwa kuwa vitani huwezi kusubiri mnara ujengwe. Kiwango cha kwanza cha waifai, cha mwaka 1997, tayari kilikuwa na hali ya ad hoki ndani yake. Mwaka 2003 zikachapishwa kanuni mbili za kutafuta njia, AODV na OLSR: ya kwanza hutafuta njia pale tu ujumbe unapotaka kupita, ya pili huweka ramani ya njia zote muda wote. Majirani wa Berlin waliojenga mtandao wa Freifunk wakatengeneza yao, B.A.T.M.A.N., na hiyo ndiyo tunayoitumia sisi Kibokoni.

Tulichojenga ni kidogo. Rauta nne za mitumba, tukaziwekea OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile iliyokuja na rauta. Moja iko chumbani, tatu ziko juu ya dari za majirani. Rauta zazungumza zenyewe kwa zenyewe, na kila moja hutoa waifai ya kawaida kwa simu zilizo karibu nayo, kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kubadilisha chochote kwenye simu yake. Kwenye rauta ya chumbani tumeunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima usome bila intaneti, pamoja na mafaili yetu ya masomo.

Sasa yale niliyoyajua baada ya kupoteza muda na pesa. La kwanza ni kuta. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, unene wa kama dhiraa moja, na mawimbi ya waifai hayapendi jiwe. Nilihangaika wiki mbili nikijaribu kupitisha mawimbi kutoka chumba hadi chumba. Panda darini. Antena zikionana kwa macho, kazi imekwisha nusu.

La pili, usinunue rauta yenye redio moja kama unaweza kuikwepa. Redio moja haiwezi kupokea na kupitisha kwa wakati mmoja, hivyo kila ujumbe unaporuka kifaa kimoja, kasi hupungua kama nusu. Baada ya miruko mitatu video haifunguki tena. Rauta zetu za kwanza zilikuwa hivyo. Tukabadilisha tukachukua zenye redio mbili: mawimbi ya gigahazi 5 kati ya dari na dari, ya gigahazi 2.4 kwa simu zilizo chini. Tofauti ilionekana siku ileile. Na rauta zote zinazozungumza zenyewe lazima ziwe kwenye chaneli moja na jina moja la mtandao. Herufi moja ikikosewa, hazitaonana hata zikiwa zimewekwa juu ya meza moja.

La tatu ni chumvi, na hili mafundi wa bara hawatakwambia. Upepo wa bahari hula viungio vya antena. Ndani ya mwaka mmoja tulibadilisha viwili vilivyogeuka kijani. Vizungushie utepe wa mpira tangu siku ya kwanza, rauta iweke ndani ya mkebe wa plastiki, na tundu la waya liangalie chini. Tena kaza antena kabla ya kusi kuanza, kwani kusi huzigeuza polepole nawe hutambui mpaka dari ya tatu inyamaze.

Stima ikipotea, mtandao wote ni bure kama rauta hazina betri. Rauta nyingi ndogo hula volti 12, lakini soma kibandiko chake kwanza. Betri ya kawaida ya volti 12 na paneli ndogo ya jua zinatosha kuifikisha asubuhi. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipokosa umeme, hatukuwa na betri hata moja, na nilikaa gizani nikiziwaza rauta zangu nzima zisizo na kazi. Wenzetu wa mtaa wa Red Hook, Brooklyn, jijini New York, walikuwa na mtandao wao wa mtaa kabla ya kimbunga cha Sandy cha mwaka 2012, ndiyo sababu uliwasaidia baada ya mafuriko. Walishaujenga.

Kama huna rauta, anza na simu. Kitufe cha ad hoki kilichokuwa kwenye Windows 7 hakionekani tena tangu Windows 8, na Android haina cha namna hiyo, lakini Wi-Fi Direct inaunganisha simu mbili bila bando, na Briar hutuma ujumbe kwa Bluetooth au waifai ukiwa umefungwa kwa siri. Usilidharau hili la siri. Kwenye mtandao huu ujumbe wako hupita kwenye kifaa cha jirani, na jirani mwema si sababu ya kuacha ujumbe wazi. Weka nenosiri gumu.

Jambo la sheria nalipita haraka: kutumiana mafaili na majirani bure ni jambo moja, kuwauzia watu intaneti ni jingine, na hapo unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Nenda ukaulize kabla hujapokea shilingi ya kwanza.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya isha, tunachomoa modemu ya intaneti kwa makusudi na kuzima stima ya chumbani kwa saa moja. Kila dari lazima itume ujumbe kwa nyingine. Mwezi uliopita dari ya Bi mkubwa haikujibu. Nilipopanda nikakuta ameanika kanga kwenye mlingoti wa antena, nasi tulikuwa hatujamwekea kamba. Jumamosi hii nampelekea kamba, na misumari minne.