Mzee wa Filimbi Anajibu: Kijeba, Upepo na Sarafu ya Mia Mbili

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja: likizo ya Juni inakuja, watoto watajaa mtaani, na watu wanaandaa mashindano ya timu za wachezaji wachache. Nimepuliza filimbi hapa Dodoma zaidi ya miaka ishirini, mara nyingi kwenye viwanja ambavyo hata mbuzi hawaingii kwa kukosa nyasi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo Mwalimu. Hapa Nkuhungu tunaandaa mashindano ya saba kwa saba, "chini ya miaka 12". Mwaka jana fainali ilivunjika dakika ya sita, timu moja ikidai wenzao wamechezesha kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri. Mwaka huu tufanyeje? – Katibu wa mashindano, Nkuhungu

Marahaba. Fainali yenu mliivunja wenyewe siku mliyobandika tangazo. "Chini ya miaka 12" kila mtu anaisoma anavyotaka. Kocha mmoja atakwambia aliyetimiza 12 mwezi uliopita hayumo, mwingine atasema yumo mpaka afikishe 13, na wote wawili wana hoja. Andikeni tarehe. Kombe la Dunia la vijana wa miaka 17 la mwaka 2025 lilikuwa la waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2008, basi. Aliyekwisha kutimiza 17 alicheza bila maneno. Kama nyinyi mnacheza Juni 2026, semeni "waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2014". Anayetaka kubisha abishane na kalenda.

Ushahidi uwe cheti cha kuzaliwa, na kwa asiyenacho, kadi ya kliniki. Orodha ya darasa peke yake msiipokee, maana darasa la nne moja unaweza kumkuta wa miaka tisa amekaa dawati moja na wa kumi na tatu. FIFA tangu 2009 wanawapima vijana wa U-17 kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, inayopiga picha ya ndani kuona kama mifupa imekwisha komaa. Mashine yetu sisi ni kikao. Wiki moja kabla, makocha wote wakae pamoja, karatasi zipite mkono kwa mkono, kila mmoja akague za mwenzake. Hakuna daktari mwenye jicho kali kama kocha anayeogopa kufungwa. Mtoto akishapita hapo, habari ya umri imefungwa. Siku ya mechi hakuna kumvua mtu jezi.

Hilo la kuvua jezi nalisema na aibu yangu. Miaka ya nyuma, kwenye bonanza moja Makole, watu wazima pembeni walianza kuimba "kijeba, kijeba" wakimnyooshea kidole beki mmoja mrefu, miguu kama ya korongo. Sikuwa na karatasi yoyote. Nikaogopa kelele, nikamtoa. Yule mtoto alivuta jezi akajifunika uso, akakaa hivyo hivyo nyuma ya goli. Kabla ya mapumziko mama yake akafika anahema, ameshika kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari, pembe zake zimeliwa na panya lakini tarehe inasomeka vizuri. Miaka kumi na miezi minane. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, sasa huyu nimpunguze wapi?" Sikuwa na jibu siku ile, na leo pia sina.

Kwa hiyo ongezeni na hili: ikigundulika baadaye kwamba karatasi ilighushiwa, timu inapoteza mechi kwa mabao 3–0 na kocha anakaa nje mashindano yote. Jina la mtoto lisitajwe kwenye spika. Hakujisajili mwenyewe.

Mwalimu, tuna timu 8, siku moja ya Jumamosi na uwanja mmoja wa shule. Inawezekana bila kuwachosha watoto? – Mwalimu wa michezo, Veyula

Inawezekana, ila piga hesabu kabla ya kualika watu. Makundi mawili ya timu nne nne yanazaa mechi 12. Weka nusu fainali mbili na fainali, zinakuwa 15. Mechi ya dakika kumi kumi, mapumziko ya dakika mbili, na dakika tatu za kutoa timu hii na kuingiza ile, ni dakika 25. Zidisha: saa sita na robo. Ukianza saa mbili asubuhi, fainali inaisha saa nane na robo mchana, na jua la Dodoma saa saba halina huruma na mtoto.

Dawa ni kuukata uwanja. Uwanja mkubwa una upana wa mita 60 na kitu. Geuza, upana huo uwe ndio urefu, upate viwanja viwili vya saba kwa saba vikiwa bega kwa bega. Mechi za makundi zinakwisha saa nne na nusu, nusu fainali zote mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, saa tano kasoro watoto wako kivulini wanakula. Fainali saa kumi jioni. Unahitaji marefa wawili na mpira namba 4, miwili. Mpira namba 5 waachie kaka zao; mtoto wa miaka kumi akiupiga kichwa utamsikia usiku akilalamika shingo.

Magoli ya kuhamishika yale ya mabomba ya kuchomelea, yafungieni chini kwa vigingi au magunia ya mchanga, mbele na nyuma. Mimi sianzishi mechi kabla sijalisukuma goli kwa mikono miwili. Likitikisika, tunasubiri.

Mzee, golikipa wa wapinzani wetu alidaka, akaubutua mpira, upepo ukauchukua mpaka ndani ya goli letu. Refa akasema ni bao. Ni halali? – Mchezaji, Nzuguni

Kwa sheria kumi na saba za mpira mkubwa, refa wako yuko sawa: kipa akiupiga kwa mguu ukaenda moja kwa moja, ni bao. Angeurusha kwa mkono ukaingia, lingekataliwa. Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa uwanja wa mita mia. Uwanja wa mita sitini, mwezi wa saba, upepo ukitoka mashariki kama mtu anayedai deni, kipa yeyote ni mshambuliaji. Kanuni za mashindano madogo zinaruhusiwa kuwa zenu. Mimi huandika: mpira wa kipa lazima uguswe na mtu au udunde kabla ya kuvuka nusu ya uwanja, usipofanya hivyo, wapinzani wanapiga faulo kutoka mstari wa kati. Hapo makipa wanajifunza kuanzisha mpira kwa beki badala ya kuuombea upepo.

Na kwa kuwa wengi mmeuliza: kuotea, yaani kosa la kusubiri pasi nyuma ya mabeki wa wapinzani, hakuna kwenye saba kwa saba yetu. Kipa kushika pasi ya mguu ya mwenzake, kosa lililoanza kupigiwa filimbi mwaka 1992, kwa watoto wakubwa pigeni, kwa wa miaka minane sameheni. Mistari chorani kwa majivu yaliyoloweshwa maji. Makavu yataondoka na kisulisuli cha kwanza.

Timu mbili zimelingana pointi, moja itinge nusu fainali. Tuhesabu mabao au turushe shilingi? – Kamati, Chamwino

Sarafu iacheni. Mwaka 1968 Italia iliutoa Umoja wa Kisovieti kwenye nusu fainali ya mataifa ya Ulaya kwa sarafu, na miaka miwili baadaye penati zikaingizwa kwenye sheria. Mimi niliwahi kurusha ya mia mbili, ikasimama wima kwenye ufa wa udongo. Kocha mmoja akacheka, mwingine akataka kunipiga.

Anzeni na matokeo ya mechi yao wenyewe. Tofauti ya mabao ije baadaye, na muweke kikomo: ushindi wa zaidi ya mabao matano uhesabiwe matano. Bila kikomo utaona timu inaongoza 9–0 na kocha wake bado anapiga kelele "ongeza!", huku kipa wa upande wa pili, mtoto wa miaka tisa, anaokota mpira wavuni na kufuta pua kwa glovu. Wakilingana hata hapo, penati tatu tatu, hatua nane kutoka golini.

Shikamoo kaka. Mwanangu aliandikishwa kwenye mashindano ya mtaa, mechi tano zote alikuwa sabu. Nilimlipia kiingilio na nauli. Jioni nimefua jezi haina hata jasho. Kuna kanuni yoyote ya kumsaidia? – Mama, Kisasa

Marahaba dada. Ipo, ila lazima iandikwe na mashindano yenyewe: kila mtoto aliyeorodheshwa acheze angalau nusu ya kila mechi, na sabu ziwe za kuingia na kutoka bila idadi, aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Sheria za mpira zinaliruhusu hilo kwa vijana. Anayelisimamia ni mwenye daftari mezani, anaweka alama kila mtoto anapoingia, na timu isipotimiza inakatwa pointi. Nimeona makocha wakinuna kwa kanuni hii, halafu nusu fainali ikifika wana wachezaji kumi wenye pumzi, wenzao wana saba waliokufa miguu.

Kikao cha makocha huwa wiki moja kabla, na mzazi hafukuzwi. Nenda, na hiyo jezi uende nayo.