Andalio la Somo Lisome Kuanzia Chini: Kwa Mwalimu Mpya wa Taaluma

Umekabidhiwa ofisi ya taaluma, hongera. Jumatatu kabla ya mstarini utakuta rundo la madaftari ya maandalio ya somo, yaani mipango ya vipindi, mezani, na walimu wawili watatu wamesimama mlangoni wanasubiri saini waingie darasani. Kazi hii nimeifanya miaka tisa katika shule ya msingi ya serikali, na miaka miwili ya mwanzo niliifanya vibaya. Ndiyo maana nakuandikia.

Kosa langu lilikuwa hili: nilikagua kama nafasi za andalio zimejazwa. Umahiri mkuu (uwezo wa jumla ambao mtoto anatakiwa kuufikia) upo, umahiri mahususi (sehemu yake moja) upo, idadi ya wavulana na wasichana waliosajiliwa na waliohudhuria ipo, zana na rejea zipo. Basi, natia saini. Sikujua kwamba mwalimu anaweza kunakili muhtasari wa somo, yaani kitabu cha mwongozo kinachoeleza mtoto ajifunze nini na apimweje, neno kwa neno sehemu ya juu ya andalio, halafu huko chini akafundisha kitu kingine kabisa.

Nililijua hilo kupitia kipindi cha Hisabati Darasa la Nne. Mada ilikuwa mzingo, na juu ya andalio pameandikwa vizuri kwamba mwanafunzi atapima na kukokotoa mzingo wa maumbo. Saa nne nikapita karibu na dirisha. Kanuni iko ubaoni, darasa zima linaimba, “Urefu jumlisha upana, mara mbili!” Sauti zinafika hadi jikoni kwa mpishi wa uji. Nikaingia, nikaomba ruhusa kwa mwalimu, nikampa kipande cha kamba mtoto wa dawati la mbele anipimie mzingo wa dawati lake. Aliishika ile kamba, akaizungusha kidoleni, akanitazama. “Mwalimu, nianzie wapi?”

Nilirudi ofisini nikalifungua tena lile andalio. Jibu lilikuwa mle tangu asubuhi. Kwenye safu ya shughuli za ujifunzaji: kusikiliza, kuimba kanuni, kunakili. Kwenye upimaji: “Taja kanuni ya mzingo wa mstatili.” Hakuna mahali mtoto ameshika kamba wala rula. Muhtasari unataka apime, andalio linamtaka ataje. Na chini yake ipo saini yangu.

Tangu siku hiyo nasoma andalio kuanzia chini. Funika sehemu ya juu kwa kiganja. Soma swali la upimaji peke yake, kisha jiulize: mtoto akilijibu hili sawasawa, nitakuwa nimeona anaweza kufanya nini? Andika kitenzi kimoja pembeni kwa penseli. Ataje, aeleze, alinganishe, atumie, atengeneze, chochote unachokiona. Sasa ondoa kiganja, fungua muhtasari kwenye safu ya shughuli za ujifunzaji na ile ya vigezo vya upimaji, utazame kitenzi cha huko. Vikiwa vya uzito mmoja, endelea. Kama muhtasari unasema kutengeneza na wewe umeandika kutaja, umelipata tatizo, hata kama andalio zima limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza.

Ila usiwe mwepesi wa kukataa. Umahiri mahususi mmoja hupewa vipindi kadhaa, na kipindi cha kwanza kinaweza kuwa cha kutambua na kutaja tu, bila kosa lolote. Kwa hiyo usikague andalio bila azimio la kazi, yaani mpango unaogawa mada za somo kwa vipindi, kando yake. Ukiona azimio limepanga upimaji wa vitendo kipindi cha tatu, andalio la kipindi cha kwanza liache lipite. Ukiona azimio zima halina mahali mtoto anapima, hapo tatizo liko kwenye azimio, na kulisahihisha andalio moja hakutasaidia. Nimewahi kumwonea mwalimu mwenzangu kwa kutolitazama hili, na nililazimika kumwomba radhi.

Baada ya upimaji, nenda safu za shughuli. Walimu wengi huandika upande mmoja “kuwaongoza wanafunzi kujadili” na upande wa pili “kujadili”, basi. Wajadili nini, kwa kutumia nini, watoe nini mwishoni? Kisha piga hesabu ya muda. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina watoto 72. Makundi tisa ya watoto wanane, kila kundi liwasilishe kwa dakika tatu, hizo ni dakika 27 kabla mwalimu hajafungua mdomo. Andalio la namna hiyo linaendana na muhtasari kwenye karatasi, ila darasani mwalimu ataliacha njiani na kurudia kuimbisha. Mshauri makundi matatu yawasilishe leo, mengine kipindi kijacho.

Tazama pia toleo la muhtasari. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, Darasa la Kwanza na la Tatu yakitangulia, kwa hiyo ndani ya shule moja mitaala miwili imeishi pamoja. Maandalio ya kwenye makundi ya WhatsApp na yale yanayouzwa stationari mara nyingi ni ya zamani. Ukikuta andalio la Uraia na Maadili kwa darasa ambalo sasa linasoma Historia ya Tanzania na Maadili, usipoteze muda kulichambua. Mrudishie mwenyewe pamoja na muhtasari sahihi kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mwisho wa ukurasa kuna tathmini. “Somo limeeleweka kwa asilimia 80.” Ukiikuta hiyo asubuhi, kabla kipindi hakijafundishwa, usikae kimya. Mwombe mwalimu aiache wazi, na baada ya kipindi aandike ni watoto wangapi walioshindwa na walishindwa wapi. Mstari huo mmoja ndio utakaomwambia andalio la kesho lianzie wapi.

Sasa, namna ya kumwambia mtu. Wengi wa utakaowakagua wamekutangulia kazini. Mwalimu wa mzingo alikuwa na zaidi ya miaka 20 darasani, na mimi nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Sikuchora kitu kwa peni nyekundu kwenye daftari lake. Nilimsubiri mapumziko, tukakaa chini ya mwembe, nikasema, “Shikamoo, mwalimu. Saini ile niliitia bila kusoma vizuri, kosa ni langu. Naomba unisaidie hapa: kwenye swali hili la mwisho, mtoto atapima nini?” Alilitazama swali kwa muda. Akatoa peni, akalikata, akaandika juu yake: “Pima mzingo wa dawati lako kwa kamba na rula, andika jibu kwa sentimita.”

Kesho yake alikuja na kamba ya katani, akakaa kibarazani na viranja wawili wakiikata vipande, kipande kimoja kwa kila dawati.