Misimu ya Kimarekani: kwanza ujue neno limetoka wapi

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Upande mmoja wa laini yupo daktari, mwalimu au karani wa Marekani. Upande wa pili yupo Mswahili, mara nyingi mtu wa Kongo aliyefika huko akitokea kambi ya wakimbizi. Vijana wanaotaka kuingia kazi hii huniomba orodha ya misimu, yaani maneno ya mitaani, waikariri. Siwapi. Orodha ya misimu huchacha upesi kuliko maziwa. Ninachowaambia ni kwamba sehemu kubwa ya misimu ya Wamarekani ina machimbuko machache tu, na ukiyafahamu hayo, hata neno ambalo hujawahi kulisikia utalikisia. Zaidi ya hapo, utajua ni neno la nani, na kama linakufaa kinywani au la.

Anza na besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Hata kama hujawahi kuutazama mchezo wenyewe, ofisi za Marekani zinaongea besiboli kutwa. "Ballpark" ni uwanja. Mtu akitaka "ballpark figure" anataka makadirio, si hesabu kamili. "Curveball" ni mpira unaopinda hewani ukimwendea mpigaji, kwa hiyo ni jambo la kushtukiza. "Touch base", yaani kugusa kituo cha uwanjani, ni kuwasiliana kidogo kujuliana hali ya kazi. Ninayoipenda mimi ni "rain check". Miaka ya 1880, mvua ikivunja mechi, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi kinachomruhusu kurudi siku nyingine. Leo ukimwalika Mmarekani chakula akakwambia "I'll take a rain check", amekataa kwa adabu. Usiende sokoni.

Halafu kuna "three strikes". Mpigaji akihesabiwa makosa matatu anatolewa, na California ikalipeleka neno hilo mahakamani: kwa sheria ya mwaka 1994, aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito, akitenda la tatu, alikabiliwa na kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Mkalimani asiyejua hilo atadhani watu wanazungumzia migomo ya wafanyakazi, kwa kuwa "strike" ni mgomo pia.

Kulijua chimbuko si kulisimulia, lakini. Daktari mmoja aliwahi kumuuliza mzee kikohozi kilianza lini, akaongeza "just a ballpark". Nikamwambia, "Mzee wangu, daktari hataki tarehe, kadiria tu." Mzee akajibu, "Mwambie, tangu theluji ya kwanza." Nikafikisha, daktari akaandika, mazungumzo yakaendelea. Uwanja haukutajwa, wala hakuna aliyeuhitaji.

Chimbuko la pili ndilo kubwa kuliko yote: Wamarekani weusi. Wanamuziki wa jazi ndio waliolitia "cool" maana tunayoijua leo, na mpiga saksafoni Lester Young ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alilieneza. Mwaka 1938 Cab Calloway, kiongozi wa bendi maarufu Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, alichapisha kamusi ndogo ya lugha ya wanamuziki hao, kwa sababu wazungu waliojaa kwenye maonyesho yake walitaka kuelewa kinachosemwa. Mtindo haujabadilika tangu hapo: neno linazaliwa kwa weusi, linachukuliwa na vijana wazungu, linaingia kwenye matangazo ya biashara, na hapo wenyewe wanalitupa na kuanza lingine. Vivyo hivyo "shade" (kumbeza mtu kwa fumbo) na "slay" (kufana kupita kiasi), ambayo yalikuzwa kwenye mashindano ya mavazi na madaha ya mashoga weusi na Walatino wa New York miongo mingi kabla ya kufika kwenye simu ya mtoto wako.

Mfano unaostahili kukaliwa ni "woke". Lead Belly, mwimbaji wa Louisiana, alirekodi mwaka 1938 wimbo kuhusu vijana tisa weusi waliosingiziwa ubakaji huko Alabama mwaka 1931. Mwishoni anazungumza na kuwaonya weusi wanaopita jimbo hilo wakae "woke", yaani wawe macho. Halikuwa neno la siasa za kwenye televisheni; lilikuwa tahadhari ya mtu kubaki hai. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley alilitumia kwenye kichwa cha makala yake katika New York Times, makala iliyohusu jinsi wazungu wanavyoazima maneno ya weusi. Baada ya Michael Brown kuuawa na polisi huko Ferguson, Missouri, mwaka 2014, lilisambaa nchi nzima kwa maana ya kuwa macho dhidi ya ubaguzi. Miaka michache baadaye wanasiasa wa mrengo wa kulia wakaligeuza tusi, hata Florida ikapitisha mwaka 2022 sheria iliyopewa jina la "Stop WOKE". Neno moja, na msemaji anaweza kuwa anasifu au anatukana. Ushauri wangu: lielewe, lisikilize linasemwa na nani, na kazini usilitumie kabisa.

Sasa jihadhari na hadithi tamu. "The whole nine yards" maana yake ni kitu chote bila kubakiza. Utaambiwa ilitokana na mikanda ya risasi ya ndege za Vita ya Pili ya Dunia, iliyokuwa na urefu wa yadi tisa. Inapendeza, ila gazeti la mji mdogo wa Mitchell, Indiana, lilishaandika msemo huo mwaka 1908, na mwaka 1912 gazeti la Kentucky likaandika yadi sita badala ya tisa. Vita ilikuwa bado.

"OK" nayo imesingiziwa asili chungu nzima. Profesa Allen Walker Read ndiye aliyeifuatilia miaka ya 1960 hadi kwenye gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Waandishi wa Boston wakati huo walikuwa na utani wa kufupisha maneno waliyoyakosea makusudi. "All correct" ikawa "oll korrect", ikawa o.k. Mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, aliyeitwa "Old Kinderhook", aligombea tena, na wafuasi wake wakaanzisha O.K. Club. Alishindwa uchaguzi. Herufi mbili zikabaki.

Misimu ya pesa haina tabu: "bucks" inahusishwa na ngozi za swala dume zilizotumika kama fedha katika biashara na Wahindi Wekundu, "Benjamins" ni sura ya Benjamin Franklin kwenye noti ya dola 100, "grand" ni 1,000.

Haya ya sasa kama "rizz" (mvuto wa kimapenzi) na "no cap" (sidanganyi) yaelewe tu. Wachapishaji wa kamusi za Oxford walilitangaza "rizz" neno la mwaka 2023, na neno likishafika kwa wazee wa Oxford, vijana wanakuwa njiani kulihama. Mtu mzima akilitamka watoto hutazamana.

Ukikwama, Urban Dictionary, kamusi ya mtandaoni, itakupa maana ya neno la juzi, lakini asili yake usiiamini, kila mtu anaandika anachotaka. Kwa asili fungua Green's Dictionary of Slang mtandaoni. Kila neno lina mifano iliyopangwa kwa miaka. Anza na mfano wa zamani kuliko yote, soma ni wa mwaka gani, ndipo uirudie ile hadithi uliyosimuliwa.