Urea kwenye maranda yaoze haraka?
Ndugu wa Urambo, kama urea, mbolea yenye naitrojeni, itaharakisha maranda yako kuoza inategemea kuvu gani imo humo. Phanerochaete chrysosporium, inayochunguzwa sana maabara, hutoa vimeng'enya vya kuvunja lignini (ile inayoupa mti ugumu) hasa naitrojeni inapopungua, ukiiongezea, inalegea. Bjerkandera, kuvu nyingine ya kuozesha mbao, wala haijali. Lakini mimi ningeangalia hewa kwanza: peroksidezi za kuvu hizi (baadhi ya vimeng'enya hivyo vya kuvunja lignini) zinahitaji peroksidi ya hidrojeni, na hiyo hutengenezwa kwa oksijeni. Ndiyo maana nguzo ya uzio huoza zaidi pale inapoingia ardhini, penye unyevu na hewa pamoja, kuliko ncha iliyo chini kabisa. Rundo lililotota maji ya masika halitaoza vizuri hata ulimwagie mfuko mzima. Legeza rundo, urea peleka kwenye mahindi.