Re: Themomita ilisoma 94, niandike 100 kama kitabu?

Ndugu, usiibadilishe hiyo 94. Umesema jaribio la kuchemsha maji mlilifanyia Nakuru, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni dogo, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ile 100 ya kitabuni ni ya watu wa Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Mwalimu akiona 100 kamili kutoka maabara ya Nakuru atajua umenakili tu.

Jedwali la ripoti yako libaki na ulichosoma, na kizio (°C) kikae kwenye kichwa cha safu, si kila mstari. Kwa nini ni 94, eleza kwenye mjadala. Hapo ndipo wengi huandika "kulikuwa na makosa ya kibinadamu" wakadhani wamemaliza, kumbe hawajasema lolote. Taja kosa lenyewe: je, balbu ya themomita iligusa kitako cha bika? Lakini fikiria kwanza, maana hilo lingepandisha usomaji, si kuushusha.

Mbinu iandike kwa wakati uliopita, "maji yalichemshwa", si "chemsha maji" kama mapishi. Hitimisho sentensi mbili zatosha, mradi zijibu madhumuni uliyoandika mwanzoni.